Peleti za sungura wa nyumbani: soma mfuko kabla hujalipa

Peleti za sungura (punje za chakula kilichosagwa na kukandamizwa) zinazouzwa katika maduka mengi ya vyakula vya mifugo, Tanzania na Kenya, zimetengenezwa kwa ajili ya sungura wa nyama. Sungura huyo hutakiwa afikishe kilo 2 na ushee akiwa na miezi mitatu au minne, kisha achinjwe. Wa kwako, anayelala chini ya kochi na kukimbilia jikoni akisikia mfuko ukichakarika, ana safari ndefu zaidi: miaka minane hadi kumi, akiwa na meno yanayosaga, utumbo unaotembea na figo zinazofanya kazi. Chakula kinachomnenepesha wa kwanza ndicho kinachomfupishia maisha wa pili, na makosa mengi ya ulishaji wa peleti yanaanzia hapo.

Tofauti hiyo haikugunduliwa jana. Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, katika viwango vyake vya mwaka 1977, liliweka protini ya asilimia 16 kwa sungura anayekua na asilimia 17 kwa anayenyonyesha, lakini asilimia 12 tu kwa mkubwa asiyezaa. Nyuzinyuzi nazo: asilimia 10 hadi 12 kwa anayekua, 14 kwa mkubwa. Viwango hivyo vilitungwa kwa kuangalia mabanda ya biashara, ambako hakuna anayeuliza hali ya magego ya sungura akiwa na miaka sita. Madaktari wanaotibu sungura wa nyumbani siku hizi wanataka nyuzinyuzi nyingi zaidi ya hapo. Kwa mkubwa, kubali peleti yenye angalau asilimia 18 ya nyuzinyuzi ghafi, na furahi ukipata ya 20 hadi 25.

Ninaposema mkubwa nina maana ya aliyepita miezi sita au saba. Majitu, yaani sungura wa aina kubwa kama Flemish Giant, hukua polepole, nao wasubirishwe hadi karibu na mwaka.

Sasa, kwa nini nyuzinyuzi zipewe uzito wote huo wakati sungura hazimeng'enyi vizuri? Jibu liko katika namna utumbo wake unavyopanga kazi. Chakula kikishapita utumbo mwembamba, utumbo mpana hukichambua kama ungo. Vipande virefu na vigumu vya nyuzi husukumwa mbele na kutoka upesi, vikiwa zile punje ngumu za mviringo unazofagia kila asubuhi. Chembe laini na maji hurudishwa nyuma kwenye mfuko mkubwa uitwao sekamu, ambako bakteria huzichachua. Baadaye kilichochachushwa hutoka kikiwa vishada laini, vinavyong'aa, vyenye ute, na sungura hukila papo hapo kutoka mwilini mwake. Ndani ya vishada hivyo mna protini na vitamini za kundi B. Kwa hiyo nyuzi ndefu ndizo zinazouamsha utumbo utembee, ingawa zenyewe hazimshibishi kwa maana ya kumpa nguvu. Zikipungua, utumbo hulegea, chakula husimama, gesi hujaa, na sungura huacha kula. Hawezi kutapika ajipunguzie. Sungura aliyekaa saa 12 bila kula wala kutoa kinyesi ni mgonjwa wa dharura, hata kama anaonekana ametulia tu kwenye kona.

Hapa kuna jambo ambalo wauza peleti hawalisemi. Peleti, hata iliyo bora, imesagwa. Nyuzi zilizo ndani yake ni fupi, na nyingi kati yake huishia kwenye sekamu pamoja na chembe nyingine laini. Kiwango cha asilimia 25 kwenye lebo hakiifanyi peleti ichukue nafasi ya nyasi kavu. Chakula cha sungura mkubwa ni hei, yaani nyasi hizo kavu, usiku na mchana, bila kipimo, ikiwa karibu sehemu 80 kwa 100 ya yote anayokula. Majani mabichi yanafuata. Peleti ni nyongeza ya vitamini, madini na protini kidogo. Ukianza na mpangilio huo kichwani, kuchagua peleti kunakuwa kuchagua nyongeza isiyoharibu kazi ya hei.

Meno yanadai hivyo hivyo. Sungura ana meno 28, na yote, ya mbele na magego, hukua maisha yake yote. Ya mbele husogea karibu milimita 2 kwa wiki. Nyasi huyasugua kwa sababu sungura huzisaga kwa kupeleka taya kulia na kushoto, maelfu ya mara kwa siku. Peleti hupondwa mara chache na kumezwa. Anayekula bakuli la peleti amemaliza baada ya dakika tano, na magego yake hayajapata kazi. Ncha kali huanza kuota pembeni mwa jino, zinakata ulimi au shavu, mdomo unaloa mate, jicho linatoa machozi upande mmoja, na mwenye sungura anadhani ni mafua.

Kusoma namba za kwenye lebo

Lebo ya kawaida ina mistari mitano au sita. Hivi ndivyo ningetaka isomeke kwa sungura mkubwa asiyezaa, hasa aliyehasiwa: nyuzinyuzi ghafi asilimia 18 au zaidi, protini ghafi 12 hadi 14 (15 inavumilika), mafuta 2 hadi 3, kalsiamu kati ya 0.5 na 1, fosforasi kati ya 0.4 na 0.8, unyevu usiozidi 12.

Kabla ya kulinganisha namba, angalia neno lililo mbele yake. Katika vyakula vya mifugo vya biashara, protini huandikwa kwa kiwango cha chini kabisa na nyuzinyuzi kwa kiwango cha juu kabisa, kwa sababu mfugaji wa kuku au nguruwe huziona nyuzi kama kijazio. Kwa hiyo ukikuta “nyuzinyuzi: zisizozidi 14”, mtengenezaji hakukuahidi 14. Amekuahidi tu kwamba hazitapita hapo. Zinaweza kuwa 9. Peleti iliyokusudiwa sungura wa nyumbani huandika nyuzinyuzi kwa kiwango cha chini: “angalau 22”. Neno hilo moja hukueleza mtengenezaji alikuwa anamfikiria mnyama gani.

Pia kuna mtego wa vipimo viwili tofauti. Nyuzinyuzi ghafi ni kipimo cha zamani cha maabara ambacho huacha nje sehemu kubwa ya nyuzi, kwa hiyo namba yake ni ndogo. Baadhi ya mifuko, hasa ya kutoka Ulaya, huandika jumla ya nyuzi kwa kipimo kingine, na namba inaweza kuwa karibu mara mbili. Usilinganishe 20 ya mfuko mmoja na 40 ya mwingine kabla ya kuhakikisha zinapima kitu kilekile.

Wanga ndiyo namba unayoihitaji sana na ambayo lebo nyingi huificha. Wanga ukizidi uwezo wa utumbo mwembamba, unaobaki hufika kwenye sekamu na kulisha bakteria wasiofaa, na wale wanaofaa hupungua. Hata pale ambapo sekamu haivurugiki, nguvu ya ziada huwa mafuta mwilini. Kama wanga haukuandikwa, piga hesabu ya kutoa. Chukua 100, ondoa unyevu, protini, mafuta, nyuzinyuzi na majivu (kipimo cha madini). Tuchukue lebo mbili za mfano. Ya kwanza ina unyevu 11, protini 14, mafuta 3, nyuzinyuzi 22, majivu 8: jumla 58, imebaki 42. Ya pili ina unyevu 12, protini 17, mafuta 4, nyuzinyuzi 11, majivu 7: jumla 51, imebaki 49. Kilichobaki si wanga mtupu, ndani yake imo pia sukari na zile nyuzi ambazo kipimo cha zamani hakikuziona. Lakini kati ya mifuko miwili, ule unaobakisha kingi huku nyuzinyuzi zake zikiwa chache ndio uliojaa nafaka. Hesabu hii inafanyika dukani kwa simu, na hakuna muuzaji anayeweza kubishana nayo.

Kalsiamu inataka maelezo zaidi kidogo, kwa kuwa sungura hana desturi ya wanyama wengine. Wengi wetu tunaomiliki utumbo wa kawaida hufyonza kalsiamu kadiri mwili unavyohitaji. Sungura hufyonza kulingana na kiasi alichokula, kisha ziada huitoa kwa mkojo. Ndiyo maana mkojo wake mara nyingi una weupe, na weupe mwepesi si ugonjwa. Mkojo ukikauka na kuacha tope nene kama chokaa iliyokorogwa, au sungura akijikamua na kulowa nyuma, hapo kibofu kimeelemewa.

Hata hivyo peleti hulaumiwa kwa kalsiamu kuliko inavyostahili. Gramu 25 za peleti yenye kalsiamu ya asilimia 0.8 zinampa sungura gramu 0.2 tu. Gramu 100 za alfalfa kavu (lusini) yenye asilimia 1.4 zinampa gramu 1.4, mara saba ya hiyo. Kwa hiyo anayempa sungura mkubwa alfalfa kila siku kisha akatafuta peleti yenye kalsiamu ndogo anaziba tundu dogo na kuacha mlango wazi. Badilisha hei kwanza: Boma Rhodes, nyasi za kawaida zilizokaushwa zikiwa bado na ukijani, au timothi kwa walioko Ulaya na Marekani. Alfalfa ni ya watoto, ya mama anayenyonyesha na ya aliyedhoofu kwa ugonjwa.

Kilichosagwa humo ndani

Viungo hupangwa kwenye lebo kuanzia kilicho kingi. Cha kwanza kinatakiwa kiwe nyasi: unga wa nyasi, unga wa hei, timothi. Alfalfa ikiwa ya kwanza si hukumu ya kifo, ilimradi kalsiamu ya mfuko mzima haizidi asilimia 1 na protini iko chini ya 15. Mahindi yakiwa ya kwanza, rudisha mfuko kwenye rafu.

Viungo vya kwetu vinahitaji kusomwa na mtu anayejua vinakotoka. Pumba za ngano ni kiungo kizuri tu, zina nyuzi kiasi na fosforasi ya kutosha. Pumba za mahindi hutofautiana mno: za kinu kimoja ni maganda matupu, za kinu kingine zimejaa kiini na unga. Mashudu ya alizeti yaliyokamuliwa pamoja na maganda yana nyuzi nyingi, na hilo linamfaa sungura, lakini yakitoka kwenye mashine ndogo za kukamulia hubaki na mafuta mengi, na mafuta hayo huchacha upesi kwenye joto. Mashudu ya pamba yana sumu ya asili iitwayo gosipoli. Ng'ombe mkubwa huimudu kwa sababu ya tumbo lake la kucheua, sungura hana tumbo hilo. Kwa mnyama wa kuishi miaka kumi nisingependa kuyaona kwenye orodha kabisa.

Mahindi na karanga vinaleta hatari nyingine, ya sumukuvu. Watu wa ukanda huu hawahitaji kuelezwa uzito wake: mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, mahindi yenye sumukuvu yaliwafanya watu 317 waugue na kuua 125 kati yao. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara nazo zilipoteza watu. Mahindi ambayo watu wameyakataa kwa sababu ya ukungu mara nyingi hupelekwa kwenye chakula cha mifugo, na sungura yumo miongoni mwa wanyama wanaodhurika kwa dozi ndogo kabisa ya sumu hiyo. Joto la mashine ya peleti haliiui sumukuvu. Ukungu unaweza kufa na sumu ikabaki, peleti zikaonekana safi na zikanukia vizuri. Dalili zake ni za polepole: hamu ya kula kupungua, uzito kushuka, unyonge, ini kuharibika. Kinga ya mnunuzi ni kuepuka peleti zenye mahindi mengi na mashudu mengi ya karanga, na kukataa chochote chenye harufu ya uvundo au kilichoganda mabonge.

Molasi kidogo huwekwa ili peleti ishikane, na kiasi hicho hakina neno ikiwa iko mwishoni mwa orodha. Asali, sukari, mbegu nzima, punje za mahindi, vipande vya ndizi kavu na rangi havina kazi yoyote mle.

Kuhusu mchanganyiko wa rangi rangi, ule wenye mbegu, nafaka zilizobanjwa na vipande vya mboga kavu: achana nao. Sungura huchagua vitamu na kubakiza vyenye nyuzi, kwa hiyo kile kilichoandikwa kwenye lebo sicho kilichoingia tumboni. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, ulifuatilia sungura 32 kwa miezi 17 katika makundi manne ya ulishaji, na waliopewa mchanganyiko huo walikula hei kidogo kuliko wengine. Unene na matatizo ya meno vilionekana kwao. Uzuri wa peleti ni huo tu, kila punje inafanana na nyingine.

Peleti za kuku

Nazitenga kwa sababu zinaua. Mtu akikosa za sungura, muuzaji humwambia achukue za kuku wanaokua, “zote ni peleti”. Kwanza zina wanga mwingi na nyuzi chache mno. Pili, chakula cha kuku wa nyama mara nyingi kina dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Baadhi ya dawa hizo, narasini na salinomisini zikiwemo, kwa kiasi wanachopewa kuku zinaweza kuharibu misuli na moyo wa sungura. Anaanza kwa kushindwa kunyanyua shingo au kuburuta miguu, na hakuna dawa ya kumrudisha. Chakula chenye antibayotiki kama linkomisini nacho humwua kwa njia nyingine: huangamiza bakteria wema wa sekamu, kisha bakteria wabaya wa kundi la klostridia wanastawi na kumwaga sumu, na kuhara kunafuata.

Hatari hii huweza kufika hata kwenye mfuko ulioandikwa sungura, pale kiwanda kinapotumia mashine moja kwa kuku na sungura bila kuisafisha kati ya zamu. Swali la kumuuliza mtengenezaji kwa simu ni hili: peleti za sungura zinatengenezwa baada ya nini, na mashine husafishwaje? Anayefanya kazi yake vizuri hujibu bila kusita. Uliza pia kama zina dawa ya koksidia. Robenidini na diklazurili ni dawa zinazotumiwa kwa sungura na zina maana kwenye banda lenye watoto wengi. Sungura mkubwa anayeishi peke yake au na mwenzake sebuleni hana haja ya kula dawa kila siku.

Dukani, mfuko ukiwa mkononi

Tafuta tarehe ya kutengenezwa, isiwe imepita miezi mitatu. Vitamini A na E hupungua taratibu hata kwenye mfuko uliofungwa, na joto la Dar es Salaam au Mombasa huharakisha. Kisha angalia chini ya mfuko. Vumbi jingi maana yake peleti ni laini, zimesafiri vibaya au zimezeeka, na vumbi humpigisha sungura chafya na kumfanya aache nusu ya chakula. Ukiweza, chukua kilo 1, chekecha kwa chekeche la unga, upime kilichopita. Kikizidi gramu 50, tafuta mfuko mwingine.

Jaribio la glasi nalo lina faida. Tia punje kumi kwenye maji ya uvuguvugu, subiri dakika 20, koroga kidogo. Peleti zilizotengenezwa kwa nyasi humeguka zikaonyesha vipande vya majani na vijiti unavyoviona kwa macho. Za nafaka hugeuka uji mweupe au wa kahawia. Jaribio hili halikupi asilimia, linakuonyesha tu kama kilichosagwa kilikuwa jani au punje. Zipo peleti zilizopikwa kwa mvuke na mgandamizo ambazo huvimba bila kumeguka, hizo zipasue kwa kidole.

Kununua kwa kupimiwa kutoka gunia lililo wazi ni kununua mbuzi kwenye gunia. Huna lebo, huna tarehe, hujui panya wamepita mara ngapi. Lakini hesabu ya gunia zima inavunja moyo: sungura wa kilo 2.5 anayekula gramu 25 kwa siku atamaliza gunia la kilo 50 baada ya siku 2,000, yaani miaka mitano na nusu. Suluhisho linalofanya kazi ni kushirikiana. Wenye sungura 25 wakigawana gunia moja, kila mmoja anapata kilo 2 za siku 80, zote za tarehe moja, na picha ya lebo kwenye simu. Mkiwa wachache, mwombe muuzaji afungue gunia mbele yenu.

Kiasi

Tumia mizani ya jikoni. Kikombe kinadanganya: kikombe cha mililita 250 hubeba takriban gramu 150 za peleti, na kwa sungura wa kilo 2.5 hicho ni kiasi cha siku sita. Kijiko kimoja cha mezani kilichosawazishwa ni karibu gramu 10.

Shirika la Uingereza la ustawi wa sungura, Rabbit Welfare Association & Fund, linaweka kikomo cha gramu 25 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Kikomo ni ukuta wa mwisho, usikifanye kipimo cha kuanzia. Kwa aliyehasiwa, anayeishi ndani na kula hei vizuri, gramu 10 kwa kilo zinatosha. Anayekimbia uwanjani kutwa, au anayeishi nyanda za baridi kama Njombe au Limuru, mpe 15. Gawa mara mbili, asubuhi na jioni, na umpe hei kabla ya peleti. Uzito unaohesabiwa ni ule anaostahili kuwa nao: sungura wa kilo 3.2 aliyepaswa kuwa kilo 2.5 hupimiwa kwa 2.5.

Unene upime kwa vidole, macho hudanganywa na manyoya. Pitisha vidole ubavuni bila kukandamiza. Mbavu zinatakiwa kuhisiwa kirahisi, zikiwa na tabaka jembamba juu yake. Ukilazimika kuzitafuta, amenenepa. Zikichoma kama meno ya kitana, amekonda. Mnene hashindwi kutembea tu. Hawezi kujikunja kufikia vishada vyake laini, vinaganda nyuma, nzi wanataga, na funza wanaweza kumla akiwa hai ndani ya siku moja au mbili. Katika nchi za joto hilo si jambo la msimu.

Vishada vinavyobaki sakafuni bila kuliwa ni ujumbe wa mapema kuliko uzito. Sungura anayeshibishwa kwa protini na wanga wa peleti huviacha. Punguza peleti kwa robo, ongeza hei, uangalie kwa wiki mbili.

Kubadilisha

Usimbadilishie ghafla, hata kama mpya ni bora mara kumi. Bakteria wa sekamu wanahitaji muda kuzoea. Kwa anayekula gramu 25: siku tatu za kwanza gramu 19 za zamani na 6 za mpya, siku ya nne hadi ya saba 12 kwa 13, siku ya nane hadi ya 11 gramu 6 kwa 19, kisha mpya tupu. Kinyesi kikilainika, rudi hatua moja na ukae hapo siku tatu.

Anayekula gramu 80 au 100 kwa siku ana kazi mbili, kupunguza na kubadilisha, na zisifanywe pamoja. Punguza kwanza, sehemu ya kumi kila siku nne au tano, hei ikiwa mbele yake muda wote. Kila wiki mpime. Asishuke zaidi ya asilimia 1 hadi 2 ya uzito wake kwa wiki. Wengi hugoma siku za mwanzo na kurusha bakuli. Hilo si tatizo ikiwa hei inapungua. Ikiwa hei haijaguswa kutwa nzima, chunguza mdomo wake kwa daktari wa mifugo kabla ya kumwita mkaidi, kwa kuwa sungura mwenye jino bovu huendelea kula peleti muda mrefu baada ya kushindwa nyasi.

Punje za kinyesi ndizo zinazotoa majibu. Zinatakiwa ziwe na ukubwa unaolingana, karibu na njegere, rangi ya kahawia iliyopauka, na ukizivunja uone majani makavu. Zikiwa ndogo, nyeusi na ngumu, nyuzi au maji hayatoshi.

Kama eneo lako halina peleti inayofikia hata asilimia 16 ya nyuzinyuzi, bora kutompa sungura peleti kabisa kuliko kumpa mbaya. Sungura mkubwa mwenye afya anaweza kuishi kwa hei bila kipimo na majani ya aina tano au sita yanayopokezana: mchunga, kishona nguo, majani ya karoti, giligilani, matembele, sukuma wiki kwa kiasi. Epuka kisamvu kibichi, majani ya nyanya na ya viazi mviringo. Anayeishi ndani bila peleti apate jua la asubuhi, kwani vitamini D haitamfikia kwa njia nyingine ya uhakika.

Ukishapata mfuko mzuri, uache peleti ndani ya mfuko wake, uukunje mdomo, uuweke ndani ya ndoo yenye mfuniko unaobana, mbali na jiko na dirisha. Usimwage za mpya juu ya za zamani: mafuta yaliyochacha chini ya ndoo huharibu mzigo mpya. Osha ndoo, ikauke kabisa juani, ndipo ujaze. Ukikuta wadudu, utando au bonge moja lenye ukungu, tupa zote. Ukungu unaouona ni ule uliofika juu.